Je, ngome ya Dumbarton haijawahi kutekwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nafanya kazi ya uuguzi Glasgow. Jumamosi moja nilipanda treni kwenda Loch Lomond, na njiani nikaona mwamba mkubwa umesimama peke yake ukingoni mwa mto, na ngome juu yake. Mwenzangu wa kazini akaniambia ngome ile haijawahi kutekwa hata mara moja. Mzee mmoja aliyekaa jirani yetu akasema si kweli, tena akaongeza kwamba wakati wa vita vya Hitler mji ule uliokolewa na taa. Taa gani tena, wakati watu walilazimishwa kuzima taa usiku? Nani mkweli kati yao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkweli ni yule mzee, na laiti ungepata muda wa kumuuliza zaidi. Ngome ya Dumbarton imetekwa, na si mara moja. Habari ya taa nayo ni ya kweli, ingawa inahitaji maelezo. Nitakujibu yote mawili, lakini kwanza nikupeleke mtoni, kwa sababu vita vyote vya Dumbarton vililetwa na mto.

Mwamba uliouona ni koromeo la volkano iliyozimika. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita uji wa moto uliganda ndani ya koo la mlima. Udongo na mawe laini ya pembeni yakaliwa na mvua na barafu, ukabaki huo mgumu peke yake, wenye urefu wa mita 73 hivi na vilele viwili vyenye ufa katikati. Pale chini mto Leven, unaotoka Loch Lomond, unaingia katika mto Clyde. Unaona maana yake? Anayekaa juu ya mwamba anazitazama njia mbili za maji kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hulipita. Clyde unaouona leo, mpana na wenye kina, umechimbwa na kubanwa na wahandisi tangu karne ya 18. Zamani haukuwa hivyo. Mashariki kidogo ya mwamba, mahali paitwapo Dumbuck, maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu, na meli kubwa za baharini hazikuweza kupita hapo kwenda Glasgow. Basi mwamba ulikuwa mahali ambapo bahari inaishia na kivuko cha miguu kinaanzia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa thamani ya mahali pa namna hiyo.

Ndiyo maana watu wamejenga boma pale tangu zamani sana. Waliokuwa na makao makuu yao juu ya mwamba ni Wabritoni wa kaskazini, watu ambao lugha yao ilikuwa ndugu wa Kiwelisi cha leo. Wenyewe walipaita Alt Clut, yaani Mwamba wa Clyde. Majirani zao wa Kigaeli wakapaita Dùn Breatann, boma la Wabritoni, na hapo ndipo jina Dumbarton lilipotoka. Katika karne ya 5 Mtakatifu Patrick aliandika barua kali kuwalaani askari wa mfalme aitwaye Coroticus kwa kuwateka Wakristo wapya na kuwauza utumwani. Wanahistoria wengi wanaamini Coroticus huyo alitawala kutoka juu ya mwamba huu.

Miaka mia nne baadaye zamu ikageuka. Mwaka 870 wafalme wawili wa Waviking waliotawala Dublin, Olaf na Ivar, walikuja na meli zao wakauzingira mwamba. Hawakujaribu kupanda. Walikaa chini wakangoja miezi minne, hadi kisima cha juu kikakauka na watu wakashindwa kwa kiu. Mwaka uliofuata walirudi Dublin na meli 200 zilizojaa mali na mateka: Wabritoni, Waingereza na Wapikti. Kumbukumbu za watawa wa Ireland zimeyaandika hayo kwa maneno machache makavu, lakini fikiria meli 200 zinashuka na maji, zimebeba watu wanaokwenda kuuzwa. Ufalme wa Alt Clut haukurudi tena pale. Waliosalia walihamishia makao yao juu ya mto, upande wa Govan, ambako leo ni sehemu ya jiji unaloishi.

Kwa hiyo huko ni kutekwa kumoja tunakokujua kwa uhakika. Kiu ilifanya kazi ambayo mapanga hayakuiweza. Ukipanda juu utakiona kisima. Simama pale dakika moja.

Karne za kati nitazipita haraka. Mwaka 1222 mfalme Alexander II aliupa mji hadhi ya mji wa kifalme, na ngome ya mawe ikajengwa, kwa sababu visiwa vya magharibi bado vilikuwa mikononi mwa Norwei na mwamba huu ulikuwa mpakani. Utasikia watu wanasema William Wallace alifungwa hapa mwaka 1305 kabla ya kupelekwa London kuuawa. Ni kweli aliyemkamata, Sir John Menteith, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ngome hii. Kwamba Wallace mwenyewe alilala humo hata usiku mmoja ni simulizi tu, na mimi siwezi kukuapia.

Aliyelala humo bila shaka ni mtoto. Mwaka 1547 Waingereza waliwapiga vibaya Waskoti kwenye vita vya Pinkie, wakitaka kumlazimisha malkia wa Skotilandi, Mary, aolewe na mfalme wao mdogo. Mary alikuwa na umri wa miaka minne. Mwanzoni mwa 1548 alifichwa Dumbarton, mbali na jeshi la Kiingereza lililokuwa upande wa mashariki. Wafaransa wakatuma merikebu zikazunguka kaskazini yote ya Skotilandi, zikaingia Clyde na kumchukua chini ya mwamba. Mwezi Agosti mtoto wa miaka mitano aliondoka kwenda Ufaransa, na hakurudi mpaka akiwa mjane wa miaka 18. Mto ule ule uliowaleta Waviking ndio uliomtorosha yeye, kwani manowari za Kiingereza zilikuwa zikiilinda bahari ya upande wa pili.

Sasa nifike kwenye usiku ambao, kwa maoni yangu, hauna mfano katika historia ya ngome za Uingereza yote. Nadhani mwenzako wa kazini angebadili msimamo wake kama angeusikia.

Mary huyo huyo, akiwa mtu mzima, alipinduliwa mwaka 1567, kisha akakimbilia Uingereza ambako alifungwa. Dumbarton ilibaki mikononi mwa watu wake, chini ya Lord Fleming. Kwao ilikuwa lulu, maana ilikuwa mlango wa msaada kutoka Ufaransa. Serikali mpya ilishindwa kuichukua. Kupiga mizinga hakukusaidia, na njaa ilichelewa kwa kuwa chakula kililetwa kwa mashua.

Akatokea kapteni mmoja, Thomas Crawford wa Jordanhill. Alimpata mtu aitwaye Robertson, aliyewahi kuwa mlinzi ndani ya ngome na aliyejua kila jiwe la mwamba. Inasemekana mkewe alikuwa amechapwa viboko kwa amri ya Fleming kwa tuhuma ya wizi, na mume hakusamehe. Robertson akamwambia Crawford jambo la ajabu: tusipande pale chini, tupande pale juu kabisa. Kilele cha mashariki, kiitwacho the Beak, yaani Mdomo wa Ndege, kilikuwa kirefu na chenye genge la kutisha, kiasi kwamba walinzi waliona hakuna haja ya kukilinda sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Aprili 1571, watu wapatao mia moja waliondoka Glasgow na kamba, ngazi na kulabu za chuma. Walifungana kwa kamba wakapita gizani katika mitaro na matope hadi chini ya mwamba. Ngazi ya kwanza ilipojaa watu iliteleza ikaanguka, na wote wakanyamaza wakisubiri kelele za walinzi. Kimya. Ukungu ulikuwa mzito. Wakaisimamisha tena. Ngazi ilipoishia, Crawford na Robertson wakatambaa hadi kwenye mti mmoja ulioota katika ufa wa jabali, wakafunga kamba hapo na kuwavuta wenzao. Bado walikuwa nusu ya safari.

Katikati ya ngazi ya pili askari mmoja akapatwa na kifafa. Akaing'ang'ania ngazi kwa mikono na miguu, hasogei juu wala chini, na nyuma yake watu wamejipanga huku kunakaribia kupambazuka. Wapo waliotaka atupwe. Crawford alikataa. Akaamuru afungwe kamba imara pale pale alipo, kisha ngazi ikageuzwa, yeye akawa upande wa chini, mgongo ukielekea jabali, na wenzake wakapanda upande wa juu, wakipita kifuani pake. Kila ninapoisimulia habari hii namfikiria mtu yule: fahamu zimemrudia, amefungwa chini ya ngazi juu ya genge, na mamia ya nyayo yanapita juu yake hatua moja baada ya nyingine. Alinusurika.

Alfajiri walifika ukutani. Walinzi wachache waliwaona, ukuta wa zamani ukabomoka kwa uzito wa watu, wakaingia. Kwa kuwa walikuwa juu ya kila mtu, waliigeuza mizinga ya ngome wakawapiga nayo wenyewe waliokuwa chini. Lord Fleming alishuka kwa mlango wa nyuma akatoroka kwa mashua. Askofu Mkuu John Hamilton, aliyekuwa amejificha humo, alikamatwa na kunyongwa Stirling siku chache baadaye. Ngome ikawa imeanguka bila Crawford kupoteza hata mtu mmoja kwenye shambulio, kama masimulizi ya wakati ule yanavyosema.

Nadhani swali la kwanza limejibika.

Baada ya hapo Dumbarton ikawa ngome ya kambi tu. Skotilandi na Uingereza zilipoungana mwaka 1707, ilibaki kuwa miongoni mwa ngome chache za Kiskoti zilizoendelea kuwekewa askari. Majengo mengi utakayoyaona leo, pamoja na nyumba ya gavana, ni ya karne hiyo ya 18, kwa hiyo usishangae ukikuta hapafanani na ngome za kwenye sinema. Wakati wa vita vya Napoleon alifungwa humo jenerali wa Kifaransa, Simon, aliyekuwa ametoroka alikowekwa kwanza.

Vita vya kisasa havikuihitaji tena ngome. Viliuhitaji mji. Chini ya mwamba, ambapo Leven unaingia Clyde, palikuwa na karakana za kuunda meli, kubwa kuliko zote ikiwa ya William Denny na Ndugu. Meli maarufu ya chai, Cutty Sark, ilianza kuundwa na kampuni nyingine mjini hapo mwaka 1869, kampuni hiyo ikafilisika, na watu wa Denny ndio walioimaliza. Denny waliunda pia meli nyingi za kampuni ya British India, ambazo wazee wa Zanzibar na Mombasa walizijua kwa miaka mingi. Na usisahau kwamba ile MV Victoria ya kwenu Mwanza, inayokwenda Bukoba, iliundwa katika karakana ya Yarrow, kwenye mto huu huu wa Clyde, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa upya Kisumu.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, manowari ya Denny iitwayo Ardent ilizama kwenye mapigano ya Jutland mwaka 1916, wakaokoka watu wawili tu, nahodha akiwa mmojawapo. Katika vita vya pili jina la kukumbuka ni Stork, iliyoingizwa majini Dumbarton mwaka 1936. Desemba 1941 ilikuwa ikilinda msafara wa meli za mizigo uliotoka Gibraltar. Usiku mmoja nyambizi ya Kijerumani ilizamisha manowari mwenzake, kisha yenyewe ikalazimika kuibuka. Stork ikaikimbiza, nyambizi ikawa inazunguka ndani ya mzunguko wa meli, karibu mno kiasi kwamba mizinga haikuweza kuinama kuilenga, na mabaharia wakabaki kuikunjia ngumi. Mwisho Stork iliigonga kwa omo na kuizamisha. Chuma kile kilipigwa nyundo na mafundi waliokaa kwenye nyumba ulizozipita ukiwa kwenye treni.

Kando ya mwamba kulikuwa pia na kiwanda cha ndege cha Blackburn. Humo ziliundwa karibu ndege 250 za Sunderland, ndege kubwa za injini nne zinazotua majini, ambazo tumbo lake ni kama la mashua. Zilitelezeshwa hadi mtoni chini ya ngome, kisha zikaenda kuwinda nyambizi katika Atlantiki, doria moja ikiweza kupita saa 12 angani. Wazee wa Kisumu, Dar es Salaam na Lindi waliwahi kuziona ndugu zake, ndege za abiria za majini zilizoanza kupita huko mwaka 1937 zikienda Afrika Kusini.

Sasa unaona kwa nini Wajerumani waliutaka mto huu.

Walikuja usiku wa tarehe 13 Machi 1941 na usiku uliofuata, zaidi ya ndege 400 kwa siku hizo mbili. Mwezi ulikuwa mpevu. Unaweza kuzima kila taa ya mji, ukaziba kila dirisha kwa pazia jeusi, lakini mto huwezi kuuzima. Clyde uling'aa kama barabara iliyopakwa chokaa, ukiwaongoza marubani kutoka baharini hadi ndani.

Kipigo kikubwa kiliuangukia mji wa Clydebank, kilomita kama kumi na mbili kutoka Dumbarton. Ndege za kwanza ziliangusha mabomu ya moto ili kuwawekea wenzao alama. Yakawaka matangi ya mafuta ya jeshi la majini, na likawaka eneo la kuhifadhia mbao la kiwanda cha Singer. Ndiyo, Singer ya cherehani. Kilikuwa kiwanda kikubwa ajabu, na cherehani nyingi nyeusi zenye maua ya dhahabu zilizowalea mafundi wetu wa barazani zilitoka pale. Mbao zilipowaka, moto ulionekana kutoka mbali sana, na kila ndege iliyofuata ilijua pa kwenda. Manowari ya Poland, Piorun, iliyokuwa ikitengenezwa gatini, ilifyatua mizinga yake hewani usiku kucha. Watu 528 walikufa Clydebank peke yake. Kati ya nyumba 12,000, zilizobaki bila kuguswa zilikuwa saba. Watu wapatao 35,000 hawakuwa na pa kulala, na asubuhi wengi walionekana barabarani wakitembea na mablanketi, masizi usoni, wengine wakielekea upande wa Dumbarton.

Na taa za mzee wako? Baada ya mji wa Coventry kuteketezwa Novemba 1940, Waingereza waliharakisha mpango wa mioto ya chambo. Mbali na nyumba za watu walipanga mabirika ya mafuta na vikapu vya vitu vinavyowaka, vikawashwa kwa umeme kutoka kwenye handaki. Mara kwa mara maji yalimwagwa juu ya mafuta yanayochemka ili moto uruke juu kwa ghafla, kama bomu limelipuka. Rubani akiwa juu anadhani wenzake wamekwisha kufika, naye anaangusha mzigo wake hapo hapo. Katika vilima vya juu ya Dumbarton, penye nyasi, matope na mabwawa, ziliwekwa taa na mioto ya namna hiyo, na mwanga wake uliakisiwa na maji ya mabwawa ili yafanane na mto wenye meli. Kwa hiyo watu walizima taa zao majumbani, na wakati huo huo serikali ikawasha taa nyingine vilimani kwa makusudi. Mabomu mengi yalichimba mashimo kwenye matope ambako hakukuwa na mtu wala mbuzi.

Lakini nisikupe nusu ya ukweli. Dumbarton napo palipigwa, nyumba zilianguka na watu walizikwa. Tena sidhani kwamba taa peke yake ndizo zilizoleta tofauti kati ya miji hii miwili. Clydebank kulikuwa na karakana kubwa ya John Brown, kiwanda cha Singer na matangi ya mafuta, vyote vimebanana na nyumba za wafanyakazi za ghorofa. Moto ulipoanza pale uliita ndege nyingine, na hakuna chambo cha kilimani ambacho kingeweza kushindana na moto ule. Uchungu wa jambo hili, ambao wazee wa Dumbarton nao huusema kwa sauti ya chini, ni kwamba moto wa majirani zao uliwavutia Wajerumani kuliko taa zozote.

Vita vilipokwisha, kiwanda cha Blackburn kiligeuzia aluminiamu yake kwenye nyumba za kuunganisha haraka, kwa ajili ya watu waliopoteza makazi. Denny walifunga mwaka 1963. Palipokuwa na karakana, chini kabisa ya mwamba, leo kuna uwanja wa mpira wa timu ya Dumbarton.

Ukipata Jumamosi nyingine, shuka kituo cha Dumbarton East, utembee kidogo tu. Vaa viatu vizuri, ngazi ni zaidi ya 500. Panda kwanza kilele cha mashariki, sogea taratibu ukutani utazame chini: hapo ndipo Crawford na watu wake walipopita na yule mgonjwa wao. Kisha geukia mtoni. Nenda siku ambayo maji yamekupwa, utaona mchanga na matope yakijitokeza pembeni, na utaelewa watu walivukaje. Kabla ya kurudi, pitia mjini kwenye birika la majaribio la Denny, lililojengwa mwaka 1883. Lina urefu wa mita mia moja hivi, na ndani yake walikokota vielelezo vya meli vilivyotengenezwa kwa nta ili waone maji yanavyozikubali kabla hawajakata chuma. Bado lina maji.